Beji Yenye Namba Yangu

Kazi niliipata kwa sababu nilikuwa na mgongo mzuri. Kliniki ilikuwa kando ya barabara ya Msambweni, na walihitaji mtu wa kupiga deki, kufua mashuka na kuwainua wagonjwa wanaoingia chumba cha eksirei. Waliniuliza cheti, nikasema niliachia shule darasa la saba. Wakaniuliza nimefanya kazi wapi, nikawatajia: nimepakia mbuzi kwenye malori Samburu, nimeanika mwani Kibuyuni, nimefua taulo za hoteli Diani miaka miwili, nimepika chai kwenye boti ya watalii wa Wasini mpaka nikagombana na nahodha. Mwenye kliniki alicheka.

"Wewe hukai mahali," akasema.

Nikamwambia nitakaa. Nilikuwa nasema hivyo kila nilipokwenda, na kila mara nilikuwa namaanisha.

Wiki ya pili mtaalamu wa eksirei aliniita chumbani kwake. Wagonjwa walimwita daktari, mimi nilimwita dada, naye aliniita kaka. Alikuwa mtu wa bara, amekulia kwenye mashamba ya makazi ambako wazazi wake walipewa ardhi, mlokole, mwenye kunyoosha kila kitu mezani mpaka kalamu. Alinipa kitu kidogo cha plastiki chenye kibanio nyuma na namba mbele. Akanionyesha pa kukibana, kifuani.

"Hii ni beji ya kupimia mionzi," akasema. "Haikukingi. Usije ukadhani ni hirizi. Inahesabu tu."

"Inahesabu nini?"

"Mionzi iliyokufikia. Kila baada ya miezi mitatu naziweka kwenye bahasha, yangu na yako, zinapelekwa Nairobi kwa basi. Huko iko ofisi ya serikali, kazi yao ni kusoma beji za watu wanaofanya kazi na mashine kama hii. Wakiona imezidi, wanauliza. Wakiuliza na mimi sina jibu, wanafunga chumba."

Alinieleza mengi siku ile, kwa sababu nilimuuliza mengi. Kwamba mashine yenyewe ina leseni, ile karatasi iliyowekwa kwenye fremu ukutani, na kila mwaka lazima ihuishwe. Kwamba kuta zile nene hazikujengwa hivyo kwa fahari, na ndani ya mlango mna bati la risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi. Kwamba mama mjamzito haingii bila kuulizwa kwanza, na ndiyo maana ya ile picha ya njano mlangoni. Kwamba mimi, nikishamlaza mgonjwa mezani, natoka, hata kama analia. Mtoto akihitaji kushikwa, atashikwa na aliyekuja naye, akiwa amevaa aproni ya risasi, kwa sababu yeye atafanya hivyo mara moja tu maishani, na sisi tungefanya kila siku.

"Na jioni," akasema, "beji inabaki hapa. Kwenye msumari huu, ofisini. Haiendi nyumbani, haiendi sokoni, haiendi kanisani."

"Mimi siendi kanisani."

"Basi haiendi msikitini."

"Huko nako siendi sana."

Akanitazama, akatikisa kichwa, akacheka kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa pale kucheka nami.

Nilimuuliza swali moja la mwisho. Nilitaka kujua ni nani huyo anayesoma huko Nairobi.

"Mtu tu," akasema. "Hakujui. Anaona namba yako."

Sijui kama msomaji amewahi kuishi mahali ambapo akiugua siku tatu hakuna atakayegundua. Mimi nimeishi hivyo sehemu nyingi, na huwa sifikirii sana. Lakini jibu lile lilinikaa. Mahali fulani, katika ofisi ambayo sitaiona, mtu aliyeajiriwa na serikali angekuwa anakaa chini mara nne kwa mwaka kuangalia kitu gani kimeingia mwilini mwangu. Hakuna aliyewahi kuniangalia kwa mpango namna hiyo. Jioni ya siku ile ile niliondoka nayo kifuani. Nilisema nimesahau, nikajisemea peke yangu, maana hakuna aliyeniuliza. Kesho yake niliondoka nayo tena. Baadaye nikawa siku zote natoka mwisho, baada ya kupiga deki, kwa hiyo hakuna aliyeuona ule msumari ukiwa mtupu. Asubuhi nilikuwa nafika wa kwanza.

Nyumba niliyopanga ilikuwa ndani, nyuma ya Msambweni, mwendo wa saa nzima kwa miguu kuelekea mlimani. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kidigo, mjane, watoto wake wote wako Mombasa. Alinipa chumba cha uani, cha fito na udongo. Kila mwaka kabla ya Ramadhani nyumba hukandikwa upya, na watu wa pale hawakandiki kwa udongo wa shambani. Wanafuata wa chini ya mlima, penye mashimo ya zamani ambayo wazee wanasema yalichimbwa na watu waliokuwa wakitafuta madini, wakaenda zao. Ni udongo mzito, wa rangi ya kutu, na ukishakauka haupasuki. Mwaka ule niliubeba mimi, karai baada ya karai, na chumba changu nilikikandika kwa mikono yangu, unene wa vidole vitatu, kwa sababu bibi alisema mpangaji aliyenitangulia alikuwa mvivu na ukuta ulikuwa umebaki fito. Juu ya kitanda nikapigilia msumari. Hapo ndipo beji ililala, na Jumamosi na Jumapili ilishinda hapo mchana kutwa.

Miezi mitatu ikaisha. Mtaalamu akatia beji zote mbili kwenye bahasha, nikapewa nyingine mpya. Mwezi mmoja baadaye, badala ya ripoti ya kawaida, alikuja mtu.

Mkaguzi alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, shati limepigwa pasi, na mkononi kisanduku cha mashine yake ya kupimia. Alimsalimia kila mtu vizuri, hata mimi. Kisha akafanya kazi yake bila kusema neno kwa muda wa saa mbili. Alipima kwenye kizingiti cha mlango, kwenye korido wanakokaa wagonjwa, nyuma ya kioo anakosimama mtaalamu, hata nje ukutani penye maua. Nilimfuata nikiwa na ufagio kama sababu. Kila alipopima aliandika, na kila alipoandika nilijaribu kusoma.

Mwisho akaketi ofisini, akatuita wote wawili. Akaweka karatasi mbili mezani.

"Dada, chumba chako ni safi," akasema. "Hakivuji popote. Beji yako nayo ni safi. Sasa hii ya huyu kaka imezidi yako mara nyingi sana. Wewe ndiye unayebonyeza, yeye ni wa kubeba tu. Nifahamishe."

"Sina la kukufahamisha," mtaalamu akasema. "Hata mimi nashangaa."

"Mimi nikiona hivi, naona mtu anayebaki ndani kuwashika wagonjwa wakati mwenzake yuko nyuma ya kioo."

"Sijawahi kumwacha ndani. Hata siku moja." Akanigeukia. "Kaka, mwambie."

Wote wawili wakanitazama. Nilijua sijawahi kubaki ndani. Nilijua vilevile kwamba nimeivunja ile sheria ya msumari kila siku tangu nilipopewa, na nikisema, kazi imekwisha na nitaanza tena kutembea. Lakini nisijifanye kwamba hofu ilikuwa peke yake. Yule mtu wa Nairobi alikuwa ameisoma namba yangu, na ameona kitu, na serikali imemtuma mtu kwa ajili yangu. Sikutaka iishe upesi namna ile.

"Sikumbuki vizuri," nikasema.

Mkaguzi aliandika maneno yangu kama nilivyoyatamka. Kisha akabandika karatasi yenye mhuri kwenye mlango wa chumba cha eksirei, akasema mashine isiwashwe mpaka apate maelezo yaliyoandikwa, na mimi nikapimwe damu. Alimwambia mtaalamu, kwa upole kabisa, kwamba ikithibitika amemtumia mfanyakazi kushika wagonjwa, jambo hilo litafika kwa wanaompa yeye ruhusa ya kufanya kazi hiyo.

Siku tisa zilizofuata zilikuwa, kwangu mimi, siku nzuri. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Damu yangu ilikuwa haina tatizo, lakini hilo halikumzuia mtu kunihurumia. Muuguzi wa zamu ya asubuhi aliniletea maziwa ya mgando kila siku, kwa kuwa kwao wanaamini maziwa yanaosha mionzi. Bibi wa jikoni alinipakulia wali wa nazi mara mbili. Kijana wa mapokezi, mtu wa Nairobi, alinipokea kila asubuhi kwa sauti: "Buda, mbona leo hung'ai?"

"Ning'ae kwani mimi ni balbu?"

"Stima ikipotea tutakuweka pale korido. Hata tokeni za umeme hatununui!"

Wakacheka wote, nami nikacheka. Muuguzi akamkemea: "Mwache mwenzio, hujui ndani yake mna nini." Akaniuliza nimelalaje. Nikamwambia nimelala vizuri, kichwa tu kinauma kidogo. Hakikuwa kinauma.

Mtaalamu alikuja kazini kila siku. Hakuna aliyemwambia asije. Alivaa sare yake, akaketi kwenye benchi la wagonjwa mbele ya mlango wake uliofungwa, na kila aliyekuja kupigwa picha alimweleza kwa upole aende hospitali ya serikali, au mpaka Ukunda. Wengine walikuwa wameteguka miguu na wamekuja kwa bodaboda. Watu walipita mbele yake bila kusimama. Niliona wale wale walioniletea maziwa mimi wakipunguza sauti wakimfikia. Yeye ndiye aliyejificha nyuma ya kioo akamwacha mwenzake ndani. Hivyo ndivyo habari ilivyokuwa imekaa. Mchana alikula peke yake, chakula alichotoka nacho nyumbani, mgongo ameuelekeza ukutani.

Mara moja tu alinisemesha. Nilikuwa napiga deki karibu na miguu yake.

"Kaka, jaribu kukumbuka," akasema.

"Najaribu, dada."

Akainua miguu ili nipitishe deki.

Siku ya tisa mwenye kliniki alimwita ofisini, wakazungumza muda mrefu mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka alikuja moja kwa moja hadi kwenye karo nilikokuwa nafua, ameshika karatasi.

"Nahitaji sahihi yako," akasema. "Shahidi."

Mimi sitii sahihi kitu bila kukisoma. Ni tabia niliyotoka nayo shuleni, pengine ndiyo peke yake. Nikajipangusa mikono, nikasoma. Ilikuwa barua kwa ofisi ya serikali. Iliandikwa kwa mwandiko wake ulionyooka, na ilisema kwamba yeye, mtaalamu wa eksirei, aliwahi mara chache kumruhusu mhudumu kubaki ndani na kuwashika wagonjwa bila kinga, kwamba ni kosa lake, na kwamba halitarudiwa.

Nikairudia tangu mwanzo.

"Lakini hii si kweli," nikasema.

"Najua si kweli. Bosi anasema nikikiri watanipa onyo na watafungua chumba. Nikiendelea kukataa, hakitafunguliwa, na ataleta mtu mwingine. Mimi nina mama mgonjwa na wadogo zangu wawili, kaka. Sina pa kwenda nikikataa." Akanipa kalamu. "Na wewe hukumbuki."

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye karo. Nikayafunga.

"Beji nilikuwa nakwenda nayo nyumbani," nikasema.

"Lini?"

"Kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyonipa."

Niliendelea kuongea, nikamwambia kuhusu msumari wa juu ya kitanda, nikamwambia mambo mengine ambayo hakuwa ameyauliza. Alinisimamisha kwa kuinua kiganja.

"Mkaguzi alipokuuliza, ulikuwa unakumbuka?"

"Nilikuwa nakumbuka."

Akaichukua barua yake, akaikunja mara nne. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningejua la kufanya, nimeshatukanwa na watu wengi hodari. Lakini alimaliza kukunja, kisha akauliza swali la kikazi.

"Huko nyumbani kwako kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kitanda na ukuta."

Mkaguzi, aliyepigiwa simu na mtaalamu jioni ile ile, alikuja kesho yake saa nne asubuhi. Tulikwenda kwa gari lake, sisi watatu, mtaalamu amekaa mbele, mimi nyuma, hakuna anayezungumza ila mimi nikielekeza njia. Bibi alikuwa uani anapepeta mchele.

"Shikamoo bibi," mkaguzi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Huyu amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, bibi. Tumekuja kukiona chumba chake."

"Basi mna shida nyinyi, kama mmetoka mjini kuja kuona chumba hiki."

Mkaguzi aliwasha mashine yake nje, uani. Ikawa inalia pole pole, tiki, kisha kimya, kisha tiki. Akainama akaingia mlangoni. Ilipoukaribia ukuta wa kitandani ilianza kukimbizana, na alipoigusisha kwenye udongo, chini kidogo ya msumari wangu, milio ikashikana ikawa kama mahindi kwenye kikaango. Aliipeleka sakafuni, ikapungua. Akairudisha ukutani, ikapanda. Akatazamana na mtaalamu, naye kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi akapumua mpaka mabega yakashuka.

"Udongo huu mmeutoa wapi?" mkaguzi akauliza.

Nikamwonyesha mlima kupitia mlangoni.

Alitueleza pale pale, amechuchumaa. Kwamba kuna milima ambayo miamba yake ina madini yenye kutoa mionzi yenyewe, tangu dunia iumbwe, bila mashine wala umeme. Kwamba beji haijui tofauti. Imehesabu ukuta kama ambavyo ingehesabu eksirei. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake.

"Mimi nimelala kwenye kuta za udongo huu tangu nilipoolewa," akasema. "Kama ni wa kuua si ungeniua nikiwa na meno?"

"Sisemi utakuua, bibi. Nasema ni afadhali madirisha yakae wazi, kitanda kisogezwe katikati, na mkikandika tena mtumie udongo wa pengine."

"Wa pengine unapasuka."

"Afadhali upasuke."

"Si wewe utakayekuja kuziba." Lakini akacheka, akamkaribisha abaki ale wali.

Nilikuwa na swali, na ingawa siku ile nilipaswa kunyamaza, nilimuuliza. Kama mashine ile moja ina leseni, na ukuta wa risasi, na mtu wa kuisoma mara nne kwa mwaka, je, mlima huu unasimamiwa na nani?

"Sheria ninayotumia mimi inaanzia kwenye kazi," akasema. "Mashine, migodi, vyombo vya hospitali. Mtu akija kuuchimba mlima, tutamtaka leseni. Mlima ukijikalia tu..." Akafikiri. Sikuona kama ananikwepa. "Nitachukua udongo huu, nitaandika ripoti, nitaipeleka kwa watu wa afya wa kaunti. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Akatia udongo kwenye mfuko wa plastiki, akaandika juu yake. Nikakisogeza kitanda siku ile ile. Usiku nililala katikati ya chumba kama mgonjwa wa kungojewa, mbali na kila ukuta.

Baada ya siku mbili karatasi ilibanduliwa mlangoni. Mtaalamu aliandikiwa kwamba hana kosa. Mimi sikufukuzwa. Mwenye kliniki alitaka, lakini mtaalamu ndiye aliyesema niachwe, kwamba angalau mwishoni nilisema. Hilo nililisikia kwa muuguzi, ambaye maziwa alikuwa ameshaacha kuleta. Watu walikuwa wamerudi kusalimiana na mtaalamu kwa furaha nyingi, kama mtu aliyetoka safari, na kwangu walipunguza sauti. Kijana wa mapokezi hakuniita Buda tena. Aliniita kwa kazi tu: kule pamechafuka, kule pana mgonjwa.

Asubuhi ya kwanza aliletwa mtoto wa kike wa kama miaka minne, ameanguka kutoka kwenye mkorosho, mkono umevimba. Alikuja na mama yake na jirani yao mwanamume. Nikambeba mpaka mezani, nikamlaza. Alikuwa anapiga kelele na kujinyonganyonga. Picha isingetoka bila kushikwa. Mtaalamu akamuuliza mama yake lile swali la mlangoni, na mama akasema kweli, ana mimba ya miezi minne. Akatolewa nje.

Nilikuwa nimesimama karibu na aproni. Nadhani mkono wangu ulikuwa umeshaifikia. Mtaalamu aliniangalia, akaniangalia vizuri, kisha akanipita kwa macho akamwita yule jirani.

"Baba, njoo uvae hii," akasema. "Shika hapa na hapa. Usiogope."

Sheria ilikuwa hivyo hivyo, alikuwa amenifundisha mwenyewe, na baada ya yaliyompata asingethubutu kufanya vingine. Hata hivyo sijui, mpaka leo ninapoandika, kama ile ilikuwa sheria au nilikuwa mimi. Sikumuuliza. Ni swali moja kati ya machache ambayo nimewahi kuyaacha.

Nikatoka, nikauvuta mlango, mzito kama kawaida yake. Mama wa mtoto alikuwa kwenye benchi, ameziba masikio. Nikakaa upande wa pili.

"Watachukua muda?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Kufumba na kufumbua."

Akaitikia kwa kichwa, tukakaa tukiutazama mlango.